Baraza la Maneno Makaidi

Mtaani walimwita Jaji, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Hakusomea sheria. Alikuwa mwalimu wa darasa la chini kabisa katika shule ya kulipia iliyojengwa nyuma ya kituo cha mafuta, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wadogo Kiingereza, na ndani ya Kiingereza hicho, lile fungu la majina linalomtoa jasho kila mgeni wa lugha hiyo: majina ambayo yakiwa mengi hayafuati kawaida.

"Maneno ya Kiingereza yakiwa mengi huvaa sare," aliwaambia watoto siku ya kwanza. "Sare yao ni s, inakaa mkiani. Book, books. Chair, chairs. Lakini kuna machache makaidi. Hayavai sare hata uyabembeleze."

"Kwa nini, Teacher?"

"Kwa sababu yalizaliwa kabla ya fundi cherehani."

Watoto waliliona jibu hilo kuwa la haki, wakaendelea na kazi.

Zamani alifundisha kama alivyofundishwa. Aliandika ubaoni foot, feet, tooth, teeth, akagonga rula mezani, na darasa zima likaimba kwa pamoja kama wapakuzi wa magunia. Waliimba vizuri sana. Kisha kengele ya mapumziko ililia, wakatoka uani, na yule yule aliyeimba feet kwa kupasua koo akarudi analia, "Teacher, he stepped my foots!" Jaji aliishi na hali hiyo kwa miaka mingi akiamini kwamba ubovu uko vichwani mwa watoto. Mpaka siku moja akiwa jikoni kwake aliwasikia watoto wa jirani wakigombana chini ya dirisha. Mmoja alikuwa na umri wa kubebwa mgongoni. "Umenikanyaga miguu! Nitakung'oa meno yote!" Hakukosea hata kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha kitako akamfundisha kwamba jino likizidi moja ni meno. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilimpa kila neno alilolihitaji.

Kesho yake Jaji aliuingiza ugomvi darasani.

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, aligeuza kiti chake kikatazama dirisha, akakaa, akafungua baraza. Aliyeonewa alisimama, akamkazia macho aliyemwonea, akaeleza kwa Kiingereza. Masharti hayakuwa mengi. Shauri liwe la kweli. Liwe lako mwenyewe, si la kusikia. Na ndani yake kuwe na kitu zaidi ya kimoja. Mtoto aliyeleta uongo aliambiwa akae, na kukaa huko kulimuuma kuliko fimbo. Mshtakiwa alijibu, Jaji akauliza maswali, akakata shauri, na watu wakafungua vitabu vyao.

Maneno nayo aliyaita kwa zamu. Miguu na meno yalitangulia, kwa kuwa mtoto huja navyo shuleni kila siku. Wanaume na wanawake walifuata, kwa kuwa wako nyumbani. Mice ilisubiri mpaka panya alipokatiza kweli chini ya kabati, darasa likapanda juu ya madawati, na neno likaingia vichwani likakaa. Sheep aliliacha mwisho kabisa. Alijua hakuna mtoto atakayekubali kwamba kondoo mmoja na kundi zima ni neno lile lile, na aliona aibu kuwaambia.

Ilikuwa kazi ya polepole, na polepole siku hizi inahesabiwa kuwa ugonjwa. Zamani mzazi alimkabidhi mwalimu mtoto wake akaenda zake shambani au kazini, na akikutana na mwalimu njiani alivua kofia. Sasa mzazi anataka kupigiwa picha ya mtoto akiwa amefungua kinywa, aipate kwenye simu kabla ya chakula cha mchana, na kwamba kinywa hicho kinasema nini hilo halimhusu. Kuna nyumba siku hizi ambamo mtoto anaombwa chumvi kwa Kiingereza na baba ambaye hakijui, na mtoto analeta sukari, na wote wawili wanasema thank you.

Mwenye shule aliyajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote. Alitaka aitwe Mkurugenzi. Alikuwa ameuza saruji kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba saruji ikinyeshewa inaharibika lakini mtoto akinyeshewa anakauka mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha stakabadhi: kilijua kuhesabu, kupokea na kutia sahihi. Siku moja alimwita Jaji ofisini na kumwonyesha boksi refu lililoegemezwa ukutani. Kando ya boksi alisimama kijana nadhifu mwenye adabu, aliyekuja pamoja nalo.

"Mwalimu, dunia inakimbia," alisema Mkurugenzi.

"Inakimbilia wapi?"

"Usinianze. Hii ni skrini. Ndani yake kuna panya mwenye glavu. Mtoto anasema mice, panya anacheza, nyota zinamwagika. Kijana huyu ataiendesha. Darasa lako ndilo linaloonekana zaidi, na wazazi wanataka kuona vitu."

"Na mimi?"

"Tuna duka la sare. Linahitaji mtu mzima anayejua vipimo."

Jaji alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kwa umri wake, kutolewa darasani kulikuwa ni kuzikwa huku anapumua. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya bali alikuwa mtu wa biashara, alijikuna kidevu.

"Ngoja kwanza. Nimepita dirishani kwako asubuhi. Wale watoto wako wanateremsha Kiingereza kama redio. Hebu wazazi wakione hicho kitu chako, hilo baraza, Siku ya Wazazi. Wakipenda, unabaki na darasa lako na skrini inakwenda la tatu. Wasipopenda, tusilaumiane."

Alikuwa amesikia mlio tu. Kwamba ndani ya mlio mna maneno, na maneno yana watu ndani yake, hilo halikumpitia akilini. Alimshauri Jaji awafanyishe watoto mazoezi, kila mmoja apewe lake la kusema. Jaji alikataa.

"Shauri la kupangwa si shauri. Nitawaambia waje na la kweli, kama kila siku."

"Sawa, sawa," alisema Mkurugenzi, akijibu simu.

Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa manukato na feni zikashindwa. Darasa la juu lilitangulia. Walipanga mstari wakasema kwa pamoja, kwa sauti ya kengele, kwamba walikuwa na furaha, na furaha, na tena furaha kuwaona wazazi wao wapendwa. Wazazi wakapiga makofi. Kisha kiti cha Jaji kiliwekwa katikati ya jukwaa, na darasa lake likakaa chini kwenye mkeka.

Wa kwanza kusimama alikuwa mvulana mnene mwenye soksi zilizoteremka. "Teacher, she stepped on my feet. Not one foot. My two feet!" Msichana aliyeshtakiwa alikiri kwamba alikuwa anakimbilia chakula. Jaji akaamuru ambebee mwenzake begi mpaka getini. Makofi yakapasuka. Mkurugenzi, kwenye kiti cha mbele, alimtazama kijana wa skrini kwa huruma.

Wa pili alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, bwana mwenye sauti nzito ambaye kwenye kila mkutano alisimama kudai nidhamu. Mtoto alimnyooshea baba yake kidole. "Teacher, my father puts his teeth in a glass. In the night I am thirsty. I drink the water of the teeth!"

Hapo palitokea jambo la ajabu. Makofi yalianza kwanza, kutoka kwa wale ambao Kiingereza kilikuwa kikiwapita juu ya vichwa. Kicheko kilianza baadaye, kutoka pembe ya wale walioelewa, kikasafiri safu kwa safu kwa kunong'onezana, mpaka kikakutana na makofi katikati ya ukumbi. Mwenyekiti alifumba kinywa na hakukifumbua tena siku hiyo.

"Glasi mbili," aliamuru Jaji kwa Kiingereza, kwa uzito wote wa mahakama. "Ya baba ikae juu ya kabati."

Wa tatu alikuwa binti mwembamba, msema kweli wa kutisha. "Teacher, there are many mice in the school store. The mice eat our rice. The cook says, do not tell the parents."

Mkurugenzi alidaka maneno aliyoyajua: school, store, na parents mwishoni. Alisimama akaongoza makofi yeye mwenyewe, mikono juu ya kichwa. Kijana wa skrini aliinama akamnong'oneza sikioni. Makofi yalikatika kama umeme.

Mtu mwenye akili ya kujilinda angefunga baraza hapo hapo. Lakini Jaji alikuwa amelewa. Miaka yote ile ya chaki, na sasa feet, teeth, mice zilikuwa zinamwagika mbele ya watu bila s moja kupotea njia, na hakuna aliyekuwa anakariri. Aliuona mkono wa Kasuku uko juu, akaukubali.

Kasuku walimwita hivyo kwa sababu hakunyamaza hata akila. Alisimama, akanyoosha sketi.

"Teacher, there are two women in our kitchen. One is the maid. One is my grandmother. When visitors come, my mother says, these women are my maids. My grandmother does not know English. She only smiles. I don't like it."

Hakuna aliyepiga makofi. Hata wasioelewa walielewa kwa kuwatazama walioelewa. Na Jaji, kwa mazoea tu, kama mkono unaotafuta swichi gizani, aliuliza lile swali aliloliuliza kila asubuhi: "Is that person here?"

Kasuku alimwonyesha mama yake. Alikuwa safu ya mbele, mwenye kofia pana. Mama yule aliinuka, akapanda jukwaani, akamshika bintiye kifundo cha mkono, wakatoka. Viatu vyake vilisikika mpaka nje, mpaka kwenye kokoto, mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Jioni ile Mkurugenzi hakuketi. Simu yake ilikuwa inatetemeka juu ya meza kama mdudu aliyelala chali.

"Mwalimu, nilikuomba Kiingereza. Sikukuomba habari."

"Ndicho Kiingereza chenyewe, Mkurugenzi. Hakuna kingine."

"Kipo! Kipo kile cha good morning! Kile kizuri!" Alipumua. "Sikiliza. Sikutupi, watu wangesema nimekutupa kwa ajili ya panya. Baki darasani. Lakini baraza limekufa. Utafundisha kwa skrini, kijana atakubonyezea. Na kuanzia sasa, ndani ya geti hili, sitaki neno la Kiswahili, si kwa mtoto, si kwa mwalimu. Mara moja tu nikusikie, unakwenda kupima kaptula."

Jaji alikubali. Hakuna haja ya kumpamba. Alisema "sawa" haraka, kama mtu anayeogopa kwamba bei itapanda.

Nyumbani mdogo wake, msusi, alikuwa barazani akifagia nywele za wateja. Habari ilikuwa imeshafika kabla yake.

"Dada, kwa nini hukumwambia mtoto akae?"

"Alikuwa anasema kweli."

"Kweli, sawa. Na kweli ile nani aliibeba nyumbani? Wewe umerudi kwako, chai iko mezani. Yeye amerudi na nani?"

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi. Mimi nasuka tu. Lakini nikimvuta mtu nywele, namuuliza kama anaumia."

Jaji alikaa akitazama chai mpaka ikaota utando.

Panya mwenye glavu akaanza kazi. Kila asubuhi alitokea ukutani akiwa na macho makubwa, akarukaruka, na watoto wakasema mice, mice, mice. Nyota zikamwagika. Kijana wa skrini aliwatendea wema, na mara kwa mara aliuliza, "Madam, je, tungeongeza sauti?" Wazazi walipata video. Mwenyekiti mwenyewe aliandika kwamba sasa shule imeamka. Na uani, wakati wa mapumziko, foots zilirudi, na mouses, na mtoto mmoja alisikika akisema childrens, na hakuna aliyejali. Watoto walikuwa wakipigana kimyakimya, kama watu wazima.

Kilichomkosesha Jaji usingizi hakikuwa hicho. Kasuku alikuwa amenyamaza. Hakuimba na panya. Hakuomba ruhusa ya kwenda chooni, alitoka tu. Wenzake walipomchokoza aliwatazama kama mtu anayetazama mvua. Jaji alijiambia kwamba ni homa, kisha kwamba ni utundu, kisha akaishiwa vitu vya kujiambia.

Siku moja, wenzake walipokuwa wanafunga mabegi, Kasuku alikuja mpaka mezani pa mwalimu. Sauti yake ilikuwa imeshika kutu.

"Teacher, you did not finish my case."

"We have no court now," alisema Jaji.

"I was before." Alitafuta maneno, akayapata. "You closed after. I was before."

Jaji amekaa kwenye kiti cha hukumu miaka mingapi, na hajawahi kuletewa hoja iliyonyooka namna ile. Na hoja hiyo ilikuwa dhidi yake. Aliweka kalamu, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi na Kasuku nyuma yake.

Uani magari yalikuwa yamepanga mstari kusubiri watoto. Wenye magari walikaa ndani ya magari. Watumishi waliotumwa kuchukua watoto walisimama kando ya tangi la maji, ndani ya geti, kwenye kivuli chembamba. Miongoni mwao alisimama bibi mmoja mnyoofu, mwenye kanga iliyofuliwa mara nyingi na magoti ya kuuma, maana alikuwa akiyabadilisha kama mtu anayepokezana mzigo na nafsi yake. Kasuku kwa kawaida alimpa begi bila kusema neno wakaenda. Ndivyo alivyoagizwa.

Jaji alikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akainama kama alivyofunzwa utotoni kuinama.

"Shikamoo, mama."

Bibi aligeuka nyuma kuona ni nani anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu, ila tangi.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Mtoto kavunja kitu?"

"Hajavunja kitu. Mimi ndiye mwalimu wake. Nimekuja kumsalimia bibi yake."

Bibi alitazama magari, kisha akapunguza sauti. "Mwalimu, humu ndani tumeambiwa hatuongei hivi. Watakutia matatani bure."

"Wewe ndiye bibi yake, au siye?"

"Ah! Ndiye! Mama yake nimemzaa mimi, na uchungu wake siwezi kukusimulia mbele ya mtoto."

Watumishi wakacheka. Kioo cha gari moja kikashuka, kisha cha pili. Mvulana mwenye soksi zilizoteremka, aliyekuwa anapita na begi lake, alisimama kusikiliza, na Kasuku akamgeukia na kumwambia kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magari, "This is my grandmother! Not the maid!" Bibi hakuelewa neno hata moja, lakini aliona mkono wa mjukuu umemshika, akaukaza.

"Anasema nini huyu?"

"Anakutambulisha, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa wote."

Jaji aliinama kwa Kasuku, akauliza kama kesi yake sasa imekwisha. Kasuku alifikiri kwa haki kabisa, akatikisa kichwa. "Bado. Mama hajajibu."

"Mama yako nitamwita," alisema Jaji, na alikuwa anamaanisha, ingawa hakujua atamwitia wapi tena.

Juu yao mlango wa ofisi ulifunguliwa kwa kishindo. Mkurugenzi alitokea kwenye kibaraza, tai begani, simu mkononi, amechafuka. Alifungua kinywa kutafuta Kiingereza, hakukipata kilichotosha hasira yake.

"Nani anaongea Kiswahili hapo?" alifoka, kwa Kiswahili, mpaka madereva wakatoa vichwa nje.

"Mimi," alisema Jaji bila kugeuka, akaendelea kumuuliza bibi habari za magoti yake.